Gramu Tatu na Nusu

Mezani nimetandika gazeti la juzi,
nikawasha taa ya cherehani, ile yenye shingo ndefu.
Maganda ishirini yamesimama wima, midomo wazi,
kama makinda wanaongojea mama.
Mwaka wa thelathini na moja huu nayajaza mimi,
kwa kuwa Evert ana vidole vya kukatia magogo
na baruti haimtaki mtu wa haraka.

Bunduki ni ya baba yake, Hjalmar.
Tangu itoke kiwandani haijaonja chakula kingine
ila kipande cha gramu kumi na nane na nusu,
pua butu, tumbo zito.
Hakina mbio. Hutembea kama kasisi akielekea mimbarini,
lakini kikifika bega la elki,
yule kulungu mrefu kuliko farasi,
hupasua mfupa na kutokea ng'ambo,
na mbwa hana haja ya kunusa damu usiku kucha.

"Uzito ni mmoja," husema Evert. "Mengine ni maneno ya wauzaji."

Sasa Machi wamempasua bega kule Östersund.
Wametia skrubu mbili, wakamwambia asinyanyue hata ndoo.
Mei alinyanyua ndoo. Juni, shoka.
Agosti alifyatua mara moja tu nyuma ya ghala,
akarudi ndani, akaketi, hakuvua buti.
Sikumuuliza. Nilimmiminia kahawa
akainywa kwa mkono wa kushoto.

Basi nimeagiza boksi la gramu kumi na tano.
Pua zimechongoka, makoti ya shaba yanang'aa
kama vitu vya dukani ambavyo havijamkosea mtu.
Teke lake litakuwa dogo. Mwendo wake, mkali.
Je, zitavunja mfupa?
Wa ndama, naam. Wa dume la miaka saba
aliyekupa bega kwa mshazari?
Hapo nimekaa na kalamu mdomoni.

Nikavua pete, nikaiweka kwenye mizani ya baruti.
Gramu tatu na nusu.
Ndiyo tofauti yenyewe, wala haikuzidi.
Nikacheka peke yangu; Snilla akainua sikio moja, akalala tena.

Jumamosi, mita themanini, karatasi kwenye kisiki cha msonobari:
risasi zangu tatu zilikaa pamoja kama ndugu,
lakini chini, upana mzima wa kiganja.
Maana lile jino la kulengea, mbele ya mtutu,
Hjalmar alilichonga kwa ajili ya zile nzito,
na bunduki, kama mama mkwe,
haisahau nani aliingia kwanza.
"Chukua tupa," nikasema. "Lipunguze kidogo."
"Jino la baba?"
Akafuta mtutu. "Nitalenga juu."

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kinamasi kimejaa ukungu.
Dume akajitokeza, hatua sitini, pembe kama makafi,
akasimama ubavu wazi, pua zikitoa mvuke.
Evert akapima kiganja chake hewani, kwa jicho.
Kiganja cha mita themanini
ni vidole vingapi kwa hatua sitini?
Alipopata jibu
miti ya betula ilikuwa imeshafunga mlango.

Hayo aliyasimulia jioni akimenya kiazi, bila kuniangalia.
Kisha akaenda ghalani, akarudi na tupa.
Mara tatu, taratibu. Akapuliza. Akangoja.
Mara ya nne.

Chembe za chuma zilianguka juu ya gazeti,
kwenye tangazo la matrekta.
Nikazikusanya kwa unyoya, nikazitia mizanini.
Mshale haukutikisika.

"Kiasi gani?" akauliza, mgongo umenielekea.
Pete ilikuwa bado kwenye kisahani cha sukari;
kidole changu kimevimba msimu huu.
"Gramu tatu na nusu," nikamwambia.
Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu aliyerudishiwa chenji sawasawa,
akaanza kutafuta mafuta ya bunduki
kwenye droo ambayo hayajawahi kukaa.