Usiku wa Ndoo

Vigingi vya hema vilikuwa kumi na vinne tulipotoka Oulu.
Tulipofika Inari, kumi na kimoja.
Raimo alivihesabu mara tatu, kama mtu anayehesabu mshahara,
kisha akachomeka vijiko vya supu penye upungufu,
na hema likasimama, limelegea upande mmoja
kama kofia ya mlevi.

Helka, miaka mitatu, alikojoa kwenye kiatu cha baba yake
kwa sababu, alisema, kilikuwa karibu.
Mbu walitupokea kwa shangwe.
Soseji ziliungua huku, kule zikabaki baridi,
tukala hivyo hivyo, tukimeza na moshi,
na ziwa mbele yetu limetulia tuli
kana kwamba yaliyotukuta hayalihusu.

Nilikuwa nimewaahidi wanangu: giza likiingia, mnalala.
Ahadi ya mama mjinga. Mwezi wa sita, huku juu,
jua haliendi kokote.
Linashuka hadi vichwani mwa misonobari,
linachungulia maji, linabadili nia,
linapanda tena.
Saa tano usiku Veijo akatoa kichwa nje ya hema:
"Mama, giza limechelewa?"
Saa sita: "Limepotea njia?"
Nikamwambia fumba macho, giza limo ndani ya kope.
Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Jioni ile alikuwa amevua samaki wake wa kwanza,
sangara mdogo wa mistari, mapezi mekundu,
hajatimia kiganja cha baba yake.
Alikataa katakata asiuawe.
Basi akawekwa kwenye ndoo ya buluu apumue hadi asubuhi,
na Raimo akanikonyeza: siagi ipo, kikaango kipo.

Saa saba na nusu
nilipapasa godoro, nikamkuta Helka, nikakuta baridi.
Mahali pa Veijo palikuwa na umbo lake tu.
Mwenye mtoto ziwani hakumbuki viatu.
Nilitoka mbio, moyo umetangulia,
nikamwona
amechuchumaa kando ya ndoo, kifua wazi,
mbu wametapakaa mgongoni kama pilipili manga,
na sweta lake, lile la sufu
alilofumiwa na bibi yake Saimi kitandani hospitalini,
mkono mmoja ukaisha mfupi,
amelitandaza juu ya ndoo.

"Shh," akaniambia mimi, mamaye.
"Hana kope. Nimeangalia pande zote mbili.
Sasa nimemtengenezea usiku."

Nilikuja na maneno ya kugombeza; yakaniishia yote.
Nikachuchumaa pia. Tukasikiliza.
Chini ya sweta mkia ukagonga plastiki, mara moja,
kisha kimya.
"Umesikia?" akasema. "Amejigeuza."

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipoinamisha ile ndoo
penye maji ya kifundo cha mguu.
Sangara hakukimbia kama nilivyotarajia.
Alikaa juu ya kokoto, kama mgeni anayetafuta neno la kuagia,
halafu zikabaki kokoto.

Asubuhi Raimo alitoka na kikaango mkononi,
akaona ndoo mdomo chini,
akaona sweta likichuruzika tawini,
akatutazama mmoja mmoja.
Akarudisha siagi. Akakoroga uji.
Kiatu kimoja kilikuwa bado kinakauka.

Sasa ni Desemba, tupo nyumbani, na jua
huja mchana kama mtu aliyesahau funguo,
halivui hata koti.
Sweta limefuliwa mara nne na bado linanuka ziwa.
Juzi nimemkuta Veijo kabatini, amejivika usoni,
taa ya ukumbini ikimpiga.

"Lina matundu," akasema.
"Mwanga ulikuwa unaingia.
Mbona hukuniambia?"

Nikatafuta jibu.
Mkono ule mfupi ulikuwa ukining'inia sikioni mwake.