Chamchela

Ndama namba mia nne kumi na saba.
Rangi: nyekundu ya kutu. Pembe: bado.
Mzunguko wa manyoya: juu ya mstari wa macho.
Safu ya mwisho ya daftari inasema TABIA,
nami niliandika "mkali" kabla hajanipiga teke.

Miaka kumi na mmoja ranchini Kongwa
nimesoma vipaji vya nyuso za ng'ombe.
Manyoya yakizungukia chini, kati ya macho,
mnyama huingia joshoni kama anakwenda harusini.
Yakizungukia juu, chamchela ndogo ya kiangazi,
namwambia Ndahani azungushe kamba mara mbili.
Daktari wa mifugo alitueleza: ngozi na ubongo
vilikuwa kitambaa kimoja tumboni, siku za mwanzo,
kabla ya mkasi: huku shati, huku mfuko wa ndani.
Niliyapenda maneno yale, nikaenda nayo nyumbani
bila kuyapima uzito.

Nyemo kamng'ata mwenzake shuleni.
Mama mkwe hakuuliza ugomvi ulianzaje.
Alimkagua masikio, kidevu, mwanya,
akasema, "Chilongani huyo. Damu haiogi ikatakata."

Chilongani, babu wa mume wangu,
aliyevunja mlango wa kanisa kwa ajili ya mbuzi mmoja.
Kipajini alikuwa na alama ya duara,
na chini, pengo la meno mawili, yaling'olewa ujanani.
Pengo halikurithiwa.
Meno ya Nyemo yametimia,
ndiyo hayo yaliyong'ata.
Basi kisu huishia kwenye ngozi.
Na hasira ile? Iliingia kwa kisu
au ilikuwa ndani ya mbegu, inangoja mvua?

Usiku, kwa tochi ya simu, nikazigawa nywele zake
kama nigawavyo manyoya ya ndama.
Mizunguko ilikuwa miwili,
mmoja unakwenda kulia, mwingine kushoto.
Daftari langu halina safu ya hayo.

"Mama, unatafuta chawa?"
"Eeh."
"Alimfichia Mbwani magongo. Ndiyo maana."
Kisha akalala, mdomo wazi,
kidevu cha Chilongani kimelegea kabisa.

Asubuhi, mia nne kumi na saba
alilamba chumvi kiganjani mwangu, akalamba na saa,
halafu akanipiga teke.
Neno sikulifuta.
Nimeongeza mkato mbele yake
na kuacha nafasi.