Alama Kumi na Mbili

Miaka tisa nimeulea mtandao wa hospitali hii.
Najua swichi ya wodi ya wazazi huchemka saa nane mchana.
Najua kebo ya maabara imepita wapi darini
maana niliipitisha mimi, kwa magoti, tochi mdomoni,
mwaka ule siafu walipopanda ukutani.

Tangazo la mkuu wa kitengo likabandikwa.
Mstari wa tatu: *awe na cheti kinachotambulika kimataifa.*
Niliusoma nimesimama.
Nikausoma nimekaa.
Ukabaki vilevile.

Nafasi akapata Eliaichi, kijana wa Machame,
miaka ishirini na sita, vyeti vitatu, viatu vya kung'aa.
Siku ya kwanza akaniuliza kwa adabu,
"Dada, seva ziko chumba gani?"
Nikampeleka. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilijaribu kumchukia, nikashindwa.
Radi ya Aprili ilipokaanga ruta mbili kwa mpigo
mimi nilikimbilia ngazi; yeye aliomba kalamu.
Kwenye kipande cha boksi la glavu
akauchora mtandao wangu wote,
tabaka kwa tabaka, kama shina la mgomba linavyobanduliwa,
nikayaona yana majina
mambo niliyoyajua kwa vidole tu.

Ada ya mtihani alinipa mama, kutoka Kibosho,
noti zimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari.
"Kahawa ya baba yako," akasema,
"ilikuwa kahawa tu mpaka ifike mjini Moshi.
Mtu akaionja, akaitema,
akaandika herufi mbili kwenye karatasi.
Utamu haukuongezeka hata chembe.
Bei iliongezeka."

Arusha, ghorofa ya tatu, karibu na Mnara wa Saa.
Wakanivua hereni. Wakanivua saa.
Hata leso waliikunjua, wakaitazama pande zote.
*Mtumiaji mmoja hapati intaneti. Utaanza na lipi?*
A, B, C, D.
Halikuwepo jibu langu la kila wiki:
muulize Mama Ndewario wa mapokezi
kama amechomoa waya achaji simu.

Ilitakiwa mia saba na ishirini.
Nilipata mia saba na nane.

Pale chini nilinunua ndizi choma mbili, nikala moja.
Kumi na mbili. Nilizihesabu njia nzima mpaka Moshi,
kama mtu aliyedondosha sarafu
na anajua kabisa zimelala wapi.

Eliaichi hakunipa pole.
"Maswali gani yalikukwama?" akauliza,
na kuanzia jioni ile, zamu ikiisha,
tulikaa stoo, juu ya kompyuta zilizokufa,
yeye akinifundisha yaliyomo kitabuni,
mimi nikimfundisha yaliyomo darini.

Novemba nikafaulu.
Mkurugenzi akanipa mkono. Mshahara ukabaki palepale,
ingawa barua mbili zimekuja, moja ya kiwanda cha sukari,
na sijazijibu.
Mama akakitundika cheti sebuleni,
kati ya picha ya kipaimara na kalenda ya dayosisi.
Akavaa miwani, akasoma chini kabisa:
"Mbona kina tarehe? Kinaoza?"
"Baada ya miaka mitatu, mama. Kama maziwa, ila polepole."
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumanne saa nane swichi ya wazazi ikachemka.
Nikafanya nilichofanya miaka tisa:
nikafungua mlango, nikasogeza feni, nikahamisha kebo mbili.
Kisha nikatoa daftari jipya,
nikaandika tatizo, chanzo, hatua, kila kitu kwa jina lake,
kwa mwandiko ambao hata mgeni angeusoma,
siku ambayo mimi sipo.