Uzi wa Kaniki

Bi Niranjana alinifundisha sauti moja tu.
Moja, kwa miaka kumi na mmoja.
Nikae nyuma yake, tambura begani,
nyaya nne, vidole viwili,
nisimfuate apandapo, nisimngoje ashukapo.
"Wewe ni sakafu, Ndahani. Sakafu haichezi."

Duka la baba yake lilikuwa Barabara ya Sita:
kaniki, marekani, vifungo kwa dazeni.
Kabla komeo halijafunguliwa aliimba kati ya majora
raga ya alfajiri, sauti ya chini akiivuta taratibu
kama ndoo ya kisima kirefu,
na vumbi la Agosti likipita chini ya mlango
bila hodi.

Alikwenda Pune, kwa mwalimu
aliyemkataza kuimba mwaka mzima:
asikilize, achambue mchele.
Akarudi Dodoma kwa treni ya usiku
na tambura hilo, boga lake limeviringishwa
ndani ya blanketi la reli.

Nairobi aliimba mara mbili. Redioni mara moja,
wakamkata katikati ya pumzi
kupisha matangazo ya vifo.
"Haidhuru," alisema, "marehemu wana haraka."
Kwingine kote ni harusi, watu wanakula,
wanaulizana bei ya ufuta.

Usiku fulani waya ukawa bubu.
Akachomoa uzi kwenye jora la kaniki,
akaupenyeza chini ya waya, akausogeza
kiasi cha unywele,
na tambura likavuma mzinga mzima.
Nikacheka. Akaudhika.
Kesho yake nikamletea ilimba ya babu kutoka Mvumi,
nikamwonyesha tundu lake, na utando mweupe uliogandishwa juu.
Akabonyeza ulimi mmoja wa chuma. Ukavuma vilevile.
"Nani aliwafundisha?"
"Buibui."
Alicheka hadi akakohoa.

Kikohozi kile hakikuondoka.
Koo lilitangulia; mwenyewe akabaki miaka minne,
akinong'ona bei kwa wateja,
kisha bila wateja.

Jioni moja akaomba sakafu yake.
Nikagusa nyaya, nikaitoa kinywani ile sauti yangu moja.
Akainua kidole, akakipeleka juu yake,
kikakata kona, kikapanda, kikatetemeka
mahali ambapo zamani ningemsikia.

Sikumfuata.