Miezi Miwili

Punda hakunikusudia. Alibeba mchanga wa mjengo,
kichochoro chembamba, nzi sikioni,
nami nikapita nyuma yake nikihesabu nazi kichwani.
Ukwato mmoja. Chini ya jicho la kushoto.
Nilizinduka barazani, mtu ananipepea kwa kofia.

Siku ya sita uvimbe ukashuka.
Jicho zima, jeupe, linaona,
ila halipandi.

Mkwezi asiyeweza kutazama juu!
Nimesimama shambani kwa Mwana Hidaya,
la kulia limefika kwenye kole,
la kushoto limekwama kiunoni mwa mti,
minazi ni miwili, imepandana,
sijui nikumbatie upi.

Mama akasema, "Ito la mwanangu limefungiwa ndia."
Nikanywa kombe, zafarani hadi ulimi ukawa manjano.
Majirani wakasema ni jicho.
Nikasema ndiyo, ni jicho, nalijua, ni hili.
Watoto wa chuoni wakanibandika jina: Lali Amu-na-Manda,
moja huku, jingine ng'ambo.

Usiku wa kuutafuta mwezi wa Ramadhani
tulipanda darini kwa Fundi Famau, watu tisa.
Mimi niliuona kwanza. "Ule pale!"
"Wapi?"
"Pale. Na mwingine juu yake."
Kimya. Kisha mmoja akacheka, kisha wote.
Sheikh Twalibu hakucheka. Aliuliza taratibu,
"Lali, ushahidi wako tuuhesabu mara ngapi?"
Shaabani ikatimizwa thelathini.
Nami nilikuwa nimeuona, wallahi. Tatizo ni kwamba nilizidisha.

Wiki saba tangu ukwato, Zuena akauza bangili, tukaenda Mombasa.
Daktari Nyevu alitia matone, jicho likafa ganzi,
akalishika kwa kibanio kama cha fundi saa,
akalivuta juu.
Halikuja.
"Lingekuwa limepooza," alisema, "lingenifuata
kama mtoto mwenye usingizi. Hili limefungwa."
Na nini? Mimi sioni kamba.
Akaitazama kanga ya mke wangu.
"Mama, umewahi kutoka mbio, mlango ukabana pindo?"
Zuena akaguna: mara ngapi!
"Basi. Chini ya jicho kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai.
Punda aliupasua. Msuli ukachungulia ufani, ufa ukaufumbia.
Jicho likitaka kupanda, pindo linavuta."

Pindo. Neno hilo ndilo nililokosa wiki zote saba.

Benchini alikaa binti wa Faza, miaka mitano,
makengeza ya tangu uchanga, kitambaa juu ya jicho moja.
"Hili ndilo zuri," akanilalamikia, akikidonoa kitambaa.
"Wamelifunga zuri ili lile vivu lifanye kazi!"
Nikamwambia baba yangu naye alimficha kaka jembe
mpaka mimi nikajifunza kulima kwa langu.
Hakufurahi. Aliniuliza kama kaka alirudishiwa.

Wakanilaza. Walipita ndani ya kope la chini,
wakauchomoa msuli, wakaziba ufa kwa kibati.
"Ungekuja wiki ya pili," alisema daktari, bila ukali,
"kovu lisingekuwa limekwishajishonea."
Kwa hiyo jicho linapanda, si mpaka mwisho.
Kwa mabaki nimepewa miwani, kioo kimoja kinene upande wa chini,
kinaupinda mwanga, kinaviambia vitu viwili: salimianeni.

Minazi naikwea. Kidevu ndicho kinachotazama juu sasa,
na jioni shingo hudai ujira wake.

Mwezi wa Mfunguo Tatu tulirudi darini.
Nikafuta miwani kwa ncha ya kikoi.
Nikaziba la kulia: upo.
Nikaziba la kushoto: upo.
Nikafumbua yote, polepole, kama anayefungua mlango
asijue pindo la nani liko nyuma yake.
Mmoja. Ukingo wake ukitetemeka kidogo.

Sikusema kitu.
Nilingoja mwingine aanze.
Sheikh Twalibu, bila kugeuka:
"Lali, mbona kimya? Leo ni mingapi?"