Masinia ya Bwalo la Kaskazini

Masinia mia sita na kumi na mawili.
Najua, maana huyahesabu kila usiku
kabla sijazima taa za bwalo
na kuitundika aproni kwenye msumari
alioupigilia marehemu Horace
enzi zake za useremala katika chuo hiki.

Mei ile wanafunzi waligoma kusoma.
Kula hawakugoma.
Walikuja na vitambaa vyeupe mikononi,
nywele mabegani, macho mekundu kwa kukesha,
wakabishana juu ya vita
huku wakivimwagia mchuzi viazi vyangu vya kuponda.
Madai yao waliyaandika
kwenye karatasi za kupangusia midomo.
Nilizikuta nikifuta meza.
Dai la tisa: wafanyakazi wa jikoni walipwe haki yao.
Waliandika "jikoni."
Verlene hawakumwandika.

Mmoja tu, Lowell Amdahl, mtoto wa mkulima wa mahindi,
alirudisha sinia lake limekwisha kupanguswa,
uma juu ya kisu, kama alivyofunzwa kwao.
Tarehe yake ya kuzaliwa ilitoka mapema
katika bahati nasibu ya jeshi.
Akaniuliza, "Mama Tibbs, mbona wewe hugomi?"
Nikamwambia: mwanangu Curtis yuko huko huko
mnakokupigia kelele.
Barua yake ya mwisho ina tope pembeni.
Nikigoma, stempu atanunua nani?
Hakujibu. Alisimama akijikuna mkono
kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Jumanne wakaja askari wa akiba.
Walipiga kambi mbele ya maktaba,
juu ya nyasi zile zenye kibao: USIKANYAGE.
Nikaamriwa kahawa, galoni ishirini.
Nikasukuma toroli, gurudumu moja likilia njia nzima,
na chini ya kofia ya chuma nikaona uso ninaoujua:
Dewey Pruitt, aliyekuwa akiturushia gazeti barazani
na kila asubuhi kulikosea, likaangukia mawaridi.
"Sukari mbili, Mama Tibbs."
Mkono ulimtetemeka, kahawa ikamwagikia bunduki,
nami nikaifuta
kwa kitambaa kilekile nifutiacho meza.
Niliifuta bunduki.
Nalisema hili kwa kuwa hakuna atakayeniuliza.

Alasiri moshi ukaja.
Moshi ule haubishi hodi.
Tulichovya taulo katika maji na siki
tukawapokea kwenye mlango wa nyuma, penye mapipa:
msichana wa kiatu kimoja,
mwalimu wa Kilatini akitapika ndooni
na kuomba radhi kila akipumua,
na mvulana asiyemjua yeyote kati yetu
aliyenikumbatia kiuno, akakataa kuniachia.
Lowell sikumwona.

Usiku nikahesabu. Mia sita na kumi na moja.
Nikahesabu tena.
Nikainama chini ya meza, nikachungulia nyuma ya piano,
nikapekua mapipa hadi viwikoni.
Mia sita na kumi na moja.
Taa sikuzizima.

Chuo kikafungwa. Wazazi walikuja na magari marefu,
wakapakia magodoro na magitaa,
na hakuna aliyeuliza juu ya sinia.

Julai postamani alileta kifurushi bapa
chenye stempu ya Kanada, bila anwani ya kurudishia.
Moyo ulitangulia mikono kukifungua.
Ndani, limepanguswa,
uma juu ya kisu.
"Nililiweka kichwani mawe yalipokuwa yakiruka,"
aliandika. "Halafu sikujua pa kulitua.
Samahani kwa bonde hilo la katikati."

Ya Curtis bado.

Nimelirudisha rafuni pamoja na mengine.
Septemba hii wageni wapya wakilifikia hulikwepa,
huchukua lililo chini yake,
maana supu haitulii ndani yake, huelekea upande mmoja.
Mimi hulihesabu.