Matundu ya Sindano

Kofia ni ile ile, msihadaike na sura zake.
Nimeipindua juu ya meza ya jikoni, hapa Sebnitz,
mvua inagonga vigae, nami nahesabu matundu
kama kipofu anayesoma barua.

Ya kale hayanuki, watu husema.
Hii inanuka gundi, nondo, na nywele za wanawake watatu.

Safu ya kwanza ni pana, imezunguka ukingo wote:
hapo Ottilie, mama wa bibi yangu, alishona mipopi kumi na saba,
enzi zile kofia zilipokuwa sinia
na mwanamke akipita mlangoni kwa ubavu, kama kabati.
Mipopi ni kazi ya mikono yake.
Mji mzima ulikula kwa maua yasiyomea:
hariri ikatwe, ichovywe wanga,
chuma cha moto kiibonyeze mpaka ijae tumbo.
Watoto walilipwa kwa dazeni, pfenigi kiduchu,
na mwalimu aliwatambua kwa vidole vyekundu.

Kisha mkasi.
Mwaka wa ishirini na sita watu wakauliza: ukingo wa nini?
Kofia ikawa kengele, ikashuka hadi kwenye nyusi.
Mipopi kumi na sita ikafungiwa mkebe wa biskuti;
mmoja ukabaki sikioni, kama umbea.

Safu ya tatu imepigwa uzi mweusi, mbiombio.
Gerhold hakurudi kutoka mashariki.
Mpopi ulichovywa wino.

Liesbeth, bibi yangu, ndiye aliyefungua mkebe.
Miaka ya hamsini ilitaka kikofia cha kadiri ya kisahani,
maua yabanane hata kitambaa kisionekane.
Akakivaa harusini, akakivaa ubatizo wa mama,
na mama huyo huyo, alipokua,
akafurisha nywele kama mkate wenye hamira,
akazipulizia dawa zikakauka,
akasema, kichwa hiki hakihitaji bustani.

Juzi amekuja msichana kutoka Dresden, bibi harusi mtarajiwa,
ana pete puani na pesa mkononi.
Kaigeuza, kaigeuza.
"Ni ya mwaka gani?"

Ningemjibuje?
Nikaunyanyua ule mpopi wenye wino,
nikamwonyesha chini ya kikonyo, kwenye karatasi:
alama ya kidole, nyekundu bado,
ndogo kuliko kitufe cha shati lake.